Mke Anaishia Getini

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Kabla sijakusalimu: koma. Koma kumwandikia shangazi yako yale maneno ambayo hata mlevi akiyasoma asubuhi yake anaona haya. Mwanamke aliyekufuta kamasi kwa upindo wa gauni lake la kazi, leo unamwita muuaji anayelipwa mshahara? Nani alikufundisha hivyo? Si mimi. Mimi nilikufundisha ukitukana mtu mtukane usoni, tena kwa kosa lake, si kwa kosa la mwenzake.

Haya, sasa hujambo? Kile kifua chako cha utotoni kimetulia? Huko ofisini kwa mawakili wanakupa muda wa kula, au unaishi kwa chai? Mimi hapa ni mzima. Nakula, nalala, nakwenda sokoni na kurudi kwa miguu yangu, na magoti yananung'unika njia nzima. Ukiniuliza zaidi ya hapo nitakudanganya, na kudanganya nimeacha. Paka wa babu yako bado analala juu ya vyerehani vya watu. Wenye vyerehani wanakuja mmoja mmoja kuvichukua vikiwa vibovu vilevile, wananipa pole, wanaondoka wamevikumbatia kama watoto wagonjwa.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu wewe unakatiza. Ukianza kulia nami nalia, na muda unakwisha tukiwa tumeambiana "haloo" tu. Barua huwezi kuikatiza. Ipo na sababu nyingine, utaikuta chini, na usiruke mistari kwenda kuitafuta, nakujua. Nimesoma madarasa manne, mwandiko wangu unakwenda kama kuku aliyefungwa kamba mguuni, lakini unasomeka. Hii ni siku ya tatu naandika. Karatasi ya pili imeingia chai, usinicheke.

Nianze mwanzo, kwa sababu wewe hukuwepo. Barabara zilifungwa ukabaki huko, na mambo ya huku umeyapata vipande vipande, kila mtu na kipande chake.

Ngiri ya babu yako unaijua. Aliipata kwa kunyanyua vile vyerehani vya zamani, vya chuma tupu na meza zake, peke yake, ili wateja wasione kwamba fundi amezeeka. Akitaka kupiga chafya anatutangazia kwanza: ngojeni nishike mzigo wangu. Alijishonea mkanda wa kitambaa kigumu, anaufunga kiunoni kila asubuhi, kisha anatembea mbele yangu akiringa, eti nimtazame bwana harusi. Yule daktari mrefu akasema hii ni kazi ndogo, watu wanaingia leo, keshokutwa wako kwao. Akapangiwa siku, Jumanne. Mkoba ukafungwa wiki nzima kabla: fulana mbili, sabuni, na kitana, sijui cha kuchania nini kwenye kile kipara.

Alichoniomba ni kimoja tu. Akasema nikizinduka nikukute umekaa miguuni pangu umenuna. Nikikuona umenuna nitajua sijafa, maana peponi hawanuni. Nikacheka, nikamwahidi. Miaka hamsini na mmoja hatukuwahi kulala mbalimbali ila nilipojifungua baba yako na nilipojifungua shangazi yako. Na hata hapo alikaa kwenye benchi la nje mpaka wakunga wakamfukuza kwa ufagio.

Jumapili, siku mbili kabla, wakapiga simu. Ule ugonjwa umeingia, upasuaji wote wa kupangwa umesimama, vitanda vinawekwa kwa ajili ya watu wasioweza kupumua. Ngiri ingoje. Macho yangoje. Meno yangoje. Akizidiwa mleteni, asipozidiwa kaeni nyumbani. Nikasema hawa wamechanganyikiwa, nikajifunga kanga yangu nikaenda mwenyewe kuwaona.

Mjukuu wangu, sikuijua hospitali ile. Mlinzi wa getini alinielekezea kidude kipajini kama mtu anayetaka kunimaliza, akasoma joto langu, akasema bibi una afya lakini huingii. Niliona kwa mbali mabenchi yamepigwa utepe, unakaa hapa, pale usikae. Dirisha la kadi limefunikwa nailoni, na sauti ya karani inatoka nyuma yake kama imo ndani ya chungu. Ndugu za wagonjwa wamejaa kwenye uzio na mifuko ya nguo iliyoandikwa majina, nesi anakuja na toroli kuikusanya, anaondoka. Wengine wanapiga kelele kuelekea madirisha ya juu: mama, ni mimi, mwenye shati jekundu! Juu huko mikono inapunga, na nyuso zote zimefunikwa, humjui huyu ni mama wa nani. Mwanamume mmoja alipungia dirisha moja siku nne, kumbe mkewe walikwisha kumhamishia upande wa pili. Aliyekuwa akimjibu ni mama wa watu tu, naye aliona vibaya kuacha.

Na mke wa jirani yetu fundi bomba, yule aliyekuwa na kidonda mguuni, aliingia pale kwa miguu yake mwenyewe. Mumewe akamwacha getini, wakaagana kwa mikono, basi. Siku ya tisa karudishiwa sanduku lililofungwa, akaambiwa lisifunguliwe. Baada ya maziko alikuja kwetu, akakaa kwenye kile kiti kibovu cha uani, akamuuliza babu yako: nitajuaje kama ni yeye? Babu yako fundi wa maneno, siku hiyo alimmiminia chai tu.

Sasa nije kwa shangazi yako. Yeye, unajua, ndiye anayeandika ubao wa chumba cha upasuaji, nani anatangulia, nani anafuata. Tangu ugonjwa uanze alikuwa amepanga chumba karibu na kazini asije akatuletea. Akija hapa anasimama kule kwenye kamba ya nguo, anazungumza nasi kwa mbali, na babu yako anamwita: karibu mgeni, leo unauza nini? Wewe ulimpigia ukamwambia kwamba baba yake mzazi hawezi kungoja kama watu baki, amsogeze mbele. Akakataa. Akasema mbele yake kuna mama mwenye uvimbe wa titi na kuna mtoto aliyezibwa njia ya haja, na yeye hamruki mtu. Ukamkatia simu. Mimi sikumkatia, mimi nilikwenda mpaka kwenye kamba ya nguo nikamwambia nimezaa jiwe. Aliinua mfuko wa dawa za babu yako, akauweka chini katikati yetu, akarudi nyuma hatua tatu ili niuchukue.

Babu yako akangoja. Unajua simu ni yangu, yeye masikio yake mabovu na mikono yake mafuta matupu, na namba waliyoandika hospitali ni yangu. Kila ikilia alikuwa anainua kichwa. Nikizungumza na muuza mkaa, anainua kichwa. Nikimaliza, ananitazama, natikisa kichwa, anarudi kwenye cherehani chake.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Asubuhi alikataa chai. Saa nne akatapika, na ule uvimbe ambao siku zote aliurudisha ndani kwa kiganja ulikuwa umekuwa mgumu kama jiwe la kusagia, haurudi. Hakufanya mzaha wowote. Hapo ndipo nilipoogopa. Fundi bomba akatutia kwenye gari lake pamoja na mabomba yake, tukaenda. Getini wakamweka kwenye kiti cha magurudumu, nami nikashika mpini. Mlinzi akasema, mama, wewe unaishia hapa. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba wa kwake pia yuko humo ndani, na yeye mwenye funguo za geti anashinda hapo nje kama mimi. Babu yako akaniambia nisigombane na mtoto wa watu. Wakamsukuma. Ndala moja ikamdondoka, mlinzi akaiokota kwa glovu, akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akanipa. Nilisimama na ndala ile mpaka jua likaegemea upande wa pili.

Jioni nesi mmoja, Mungu ampe afya, alinipigia kwa simu yake mwenyewe akaishikilia kwenye sikio la babu yako. Sauti yake ilikuwa ndogo. Akasema, mke wangu, huku watu hawana sura, wana macho tu, sijui nani kanuna na nani kacheka. Nikamwambia mimi niko getini nimenuna kwa niaba yao wote. Akacheka, kisha nikasikia maumivu yanamkata kicheko.

Walimpasua kesho yake. Kipande cha utumbo kilikuwa kimekwisha kufa. Siku ya tatu asubuhi wakanipigia. Tulimzika tukiwa watu kumi, kila mmoja mbali na mwenzake kama tuliogombana, sanduku limefungwa, na fundi bomba alinitazama kutoka upande mwingine wa kaburi, na sote wawili tulikuwa na swali lilelile.

Baada ya hapo ndipo ulipoanza wewe. Umechimba, na sikulaumu kwa kuchimba. Umegundua kwamba upasuaji wa kupangwa ulianza tena wiki sita kabla babu yako hajazidiwa. Umegundua kwamba yule mwalimu aliyekuwa nyuma ya babu yako kwenye orodha alifanyiwa, akapona, sasa anapanda ngazi. Ukauliza jina la fundi vyerehani lilikwenda wapi. Ukauliza tena kwa nini mtu mwenye ngiri iliyobana alilazwa saa kumi na nne kwenye wodi ya wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa, wakati majibu yake yalipotoka yalikuwa safi. Maswali mazuri. Ada ya shule yako haikupotea. Kisha ukaandika malalamiko kwa mkuu wa hospitali, ukataja jina la shangazi yako, kwamba alimruka baba yake kwa uzembe au kwa roho mbaya. Baba yako akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo sahihi yake.

Kikao ni Alhamisi. Nesi mkuu alinipigia wiki iliyopita. Anasema wakimuuliza binti yangu anajibu sina la kusema, kila swali, sina la kusema. Anasema kwa mwendo huo watamfukuza kazi, miaka ishirini na miwili, na akifukuzwa kwa jambo kama hili hakuna hospitali itakayomchukua. Akaniuliza, mama, kuna jambo analoficha?

Lipo. Soma polepole.

Wiki sita kabla babu yako hajazidiwa, Alhamisi asubuhi, simu ililia. Nilikuwa nachambua maharage. Babu yako alikuwa uani ameinamia cherehani cha yule mshonaji wa sare za shule, anapuliza vumbi. Aliyepiga hakuwa shangazi yako, alikuwa binti mwingine, sauti nyembamba, mwenye adabu. Akasema zamu ya mgonjwa wetu imefika, kesho aje apimwe, Jumatatu afanyiwe. Nikamuuliza mimi nije na nini. Akasema mimi nisije na kitu, mgonjwa anaingia peke yake, hakuna wa kumsindikiza, hakuna wa kumtazama mpaka siku ya kutoka. Nikamuuliza hata mke. Akasema hata mke, bibi. Mke anaishia getini.

Nikaliona lile sanduku. Nikamwona babu yako anazinduka miguuni pake hakuna mtu. Yule binti akaendelea, alikuwa anasoma maswali, nilisikia karatasi ikigeuka: mgonjwa ana homa? Anakohoa? Na babu yako kule uani anapiga mluzi. Hakuwa na homa. Alikuwa na miezi hajakohoa. Nikasema ana homa. Nikasema anakohoa, tena sana. Akasema pole, bibi, basi tunaandika hivyo, akipata nafuu mtupigie tumpangie nyingine. Nikasema ahsante. Babu yako akauliza ni nani huyo. Nikasema wamekosea namba.

Usijidanganye kwamba naye aliogopa. Siku ile fundi bomba alipoondoka, babu yako aliniambia, mimi wakiniita leo nakwenda leo. Alitaka kwenda. Mimi ndiye niliyekataa kwa mdomo wangu, na yeye hakuulizwa. Na sikupiga tena. Kila siku nilisema nitapiga watakaporuhusu wake kuingia.

Yale maneno yangu yule binti wa simu aliyaandika. Jumatano ile walipofungua faili lake getini, wakakuta ana homa na kikohozi. Basi wodi ya washukiwa, apimwe kwanza. Chumba cha kuwapasulia washukiwa kilikuwa kimoja, ndani yake mama anapasuliwa kutoa mtoto, baada yake kikaoshwa kwa dawa, baada yake kulikuwa na mwingine. Saa kumi na nne ulizozihesabu, umezihesabu sawasawa. Ni zangu zote.

Na ile simu ya jioni sikukwambia yote. Alipomaliza kucheka aliniuliza, hivi hawa watu walinisahau? Nikamwambia ndiyo, walikusahau. Akasema basi usiwagombeze, wana kazi nyingi. Simu ikakatika. Sikusikia tena sauti yake.

Shangazi yako anajua. Siku ya nne baada ya maziko aliniletea vitu vya baba yake kwenye mfuko, akasimama kwenye kamba ya nguo. Nikaanza kufoka, nikamuuliza kwa nini mlimchelewesha. Akasema faili lilisema ana homa, tangu Alhamisi fulani, na pembeni pameandikwa taarifa imetolewa na mke kwa simu. Kisha akanitazama, na mimi naona macho tu juu ya barakoa. Nilingoja anipigie kelele. Aliniuliza, mama, umekula? Nikasema sijala. Akavua glovu, akanawa, akaingia jikoni kwangu mara ya kwanza baada ya miezi mingi, akakoroga uji, akasimama mlangoni mpaka nikaumaliza. Hajasema neno lingine juu ya jambo hilo mpaka leo. Nami sikusema.

Miezi minne, mjukuu wangu. Matusi yako yalikuwa yanaingia kwenye lile kundi la ukoo la simuni, mimi nayasoma, yeye anayasoma, na kila mmoja anajua mwenzake anasoma. Akaacha kuja. Nikajiambia mzigo ameubeba mwenyewe, sikumtwisha. Mama mzima nimejificha nyuma ya mgongo wa mwanangu.

Usiniandikie kwamba nilifanya kwa mapenzi. Nilikuwa na ahadi ya kutimiza na nikaona aibu kuivunja, basi. Ukitaka kunichukia, chukia, nitakaa kimya, si kawaida yangu lakini nitajitahidi. Matusi yale ukiyahitaji tena, anwani unayo sasa.

Nisalimie wote wa hapo nyumbani kwako, mwenye nyumba na yule rafiki yako mwenye kicheko kikubwa. Fundi bomba anakusalimu, bado hapiki, namtilia sahani. Baba yako usimsalimie, nitamsalimia mwenyewe, kwa lugha yake.

Nimepiga simu kuuliza kama naweza kuingia kwenye kikao. Wamesema wanaingia wawili tu, aliyelalamika na aliyelalamikiwa, wengine wanaishia getini. Kwa hiyo mimi siingii, barua itaingia. Panda gari Jumatano. Alhamisi saa tatu uwe umekaa kwenye chumba hicho. Toa karatasi hizi zote, na ile ya chai, wala usinirekebishie herufi hata moja. Zisome kwa sauti umesimama, kuanzia neno la kwanza, na ukifika pale kwenye maharage usiteremshe sauti. Ukimaliza mpe mkuu wa hospitali alinganishe na faili, mwambie malalamiko yako unayafuta. Kisha mgeukie shangazi yako mbele ya watu walewale, umwombe radhi, na umlete kwangu getini. Atasema ana kazi. Mshike mkono, umlete.

Mimi bibi yako,
mke mkubwa.